Marcelina Analala Mchana

Jumapili, 2 Juni 1974

Mama amenitumia madaftari mawili kutoka kwetu mjini, mtaa wa Ng'ambo. Moja la kisomo, na la pili, anasema, "la kumalizia hasira zako, zisije zote zikaishia kwa mumeo." Ananijua. Haya, tuanze.

Tuko hapa Juhudi tangu mwaka jana, baada ya watu kukusanywa kutoka mashambani mwao. Kijiji kiko mbele ya Kwihara, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, na sijakutana na mzee hapa asiyekwambia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi. Yahaya, mume wangu, ni katibu wa kijiji. Mwanetu Mwanne tumemwacha mjini kwa bibi yake asome. Mimi nafundisha kisomo cha watu wazima kwenye banda la kukaushia tumbaku. Waliojiandikisha ni wanaume na wanawake nusu kwa nusu. Wanaokuja ni wanawake. Wanaume wana mikutano.

Jumatano, 5 Juni

Bwana afya amekuja na habari mbaya. Kijiji cha jirani watu wameshikwa na malale, na ugonjwa huo unaletwa na mbung'o, wale inzi wa porini. Amesema dawa ya kwanza ni kufyeka vichaka, maana mbung'o anaishi kivulini.

Mwenyekiti, Ndugu Alois, akagawa kazi hapo hapo. Wanaume watafyeka kando ya barabara kutoka getini mpaka ofisini. Wanawake watapika na kuwachotea maji wafyekaji. Bibi Mwanamkuu, kiongozi wetu wa umoja wa wanawake, UWT, akasimama. Ana miaka mingi na hana haraka.

"Na njia ya kisimani, Mwenyekiti? Visima vya hapa karibu vimekauka. Sasa tunachota kule bondeni, kichakani kabisa. Mbung'o wako huko, hawako barabarani."

"Itafuata, mama," Alois akasema. "Tuanze na barabara, ndiyo atakayopita mgeni wa wilaya mwezi wa tisa."

Wanaume wakapiga makofi. Yahaya akaandika. Nyumbani nikamwuliza kama swali la Bibi Mwanamkuu ameliandika.

"Nimeandika akina mama waliunga mkono."

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kisimani mwenyewe. Mtu wa mjini aliyezoea bomba akifika kule atalia. Njia inapita kwenye miombo, halafu inashuka bondeni na kuingia kichaka kinene ambacho lazima uinamie, ndoo mkononi, na hapo ndipo mbung'o wanapokungoja. Humsikii anapotua. Unasikia sindano tu, na anachoma hata juu ya nguo.

Nilivaa gauni langu jeupe lililopauka. Wenzangu walivaa kaniki, kama wanavyovaa kwa kazi zote, maana kanga ni ya kutokea. Wakati wa kurudi nilikuwa nyuma ya Marcelina na nikaona kitu. Mgongo wake, juu ya kile kitambaa cheusi, ulikuwa umejaa mbung'o. Mimi niliumwa kidogo tu.

"Marcelina, hawa wanaipenda kaniki yako."

"Basi waje waipose," akasema bila kugeuka, maji kichwani hayatikisiki.

Huyu ni mke wa Anselm, mrina asali. Shamba la kijiji yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kisomoni amejua kuandika jina lake kabla ya wote, na sasa analiandika kwa mkaa kila mahali, mpaka kwenye mlango wa ghala. Yahaya alitaka kumtoza faini. Nikamwambia amtoze na mimi niliyemfundisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwendea Mzee Mabruki getini. Kazi yake ni kukagua baiskeli na magari yanayotoka porini, na ana chandarua chake cha mpini mrefu cha kunasia mbung'o. Baiskeli anaizunguka kwa makini, anapiga chini ya kiti, anainama mpaka kwenye minyororo. Wanawake wakaja na kuni, wakapita, hata hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mzee. Na hawa je?"

"Marahaba. Hawa wanakwenda kwa miguu, mwanangu. Nimeambiwa vyombo."

Nikamwonyesha mbung'o aliyekuwa kwenye bega la mwanamke wa mwisho. Akasema ataniulizia kwa wakubwa.

Jumatano, 19 Juni

Leo kisomo tumekifanya mkutano wetu. Tumekubaliana kaniki zibaki nyumbani, kisimani tuvae kanga za rangi ya mwanga, na wa mbele abebe kopo la kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi. Bibi Mwanamkuu amesema ana kanga moja tu ya maana na ni afadhali iharibike hiyo kuliko ngozi yake. Tumecheka sana. Marcelina ameahidi kuvaa ya njano.

Jumanne, 25 Juni

Inafanya kazi! Tumekwenda na kurudi na karibu hatukuumwa. Sijisifu, lakini leo nimelala vizuri.

Jumatatu, 1 Julai

Tumepika, tumechota, tumechota tena. Barabara inang'aa kama ya serikali kuu.

Jumatano, 3 Julai

Anselm amerudi kutoka kambi ya asali. Alikuwa porini tangu mwezi wa tano. Amekutana na mkewe njiani na ile kanga ya njano, ndoo kichwani, anacheka na wenzake, na akamtua ndoo barabarani mbele za watu wote.

"Unakwenda kisimani au harusini?"

"Kisimani, Baba. Ni kwa ajili ya mbung'o, tumefundishwa na..."

"Mbung'o gani anataka kanga ya njano? Unampambia nani huko kichakani mimi nisipokuwepo?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa adabu kwanza, halafu bila adabu. Akaniambia mambo ya mjini niyaache mjini. Marcelina akarudi nyumbani, akatoka na kaniki.

Jumanne, 9 Julai

Maneno ya Anselm yamezunguka kwenye vilabu vya pombe. Sasa kila mume amegundua kwamba mkewe anajipamba kwenda kichakani. Mmoja mmoja wamerudi kwenye kaniki. Tumebaki mimi na Bibi Mwanamkuu, na yeye mumewe amekwisha kufa, hana wa kumwuliza.

Hata wangu. Jana akiwa anakula akasema taratibu, "Mama Mwanne, watu wanasema."

"Na mbung'o wanauma, Ndugu Katibu."

Nikiwa na hasira namwita Ndugu Katibu. Anajua.

Ijumaa, 12 Julai

Marcelina ana jipu jekundu nyuma ya bega, gumu, na homa. Sanduku la dawa la kijiji linakaa chini ya kitanda chetu, na ndani mna klorokwini, aspirini na plasta. Yahaya amempa klorokwini. Kila homa hapa ni malaria.

Alhamisi, 25 Julai

Upepo na vumbi. Marcelina hakuja kisomoni.

Jumanne, 6 Agosti

Amekuja, akalala. Nilikuwa naandika ubaoni, nikasikia kicheko nyuma yangu, nikageuka. Marcelina ameegemea nguzo, mdomo wazi, mwanawe mchanga anahangaika kutafuta ziwa peke yake. "Mbung'o wameipata ile posa," mmoja akasema, "usiku hawamwachi alale." Darasa likavunjika mbavu, na mimi nikacheka. Alipoamka alituangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeshushwa kwenye stesheni asiyoijua. Kicheko kilinikauka.

Jumamosi, 10 Agosti

Kijiji kizima kimechanganyikiwa. Mwenyekiti Alois amesinzia kwenye mkutano wa halmashauri, katikati ya maneno yake mwenyewe. Yahaya anasema wiki nzima alikuwa analalamika kichwa. Hawakungoja hata jua lipoe. Trekta la kijiji likawashwa, godoro likatandikwa kwenye tela, wanaume wanne wakapanda kumshika, na Yahaya mwenyewe akaenda naye mpaka hospitali ya Kitete. Wakristo wamesali, Waislamu tumesoma dua. Nilisoma kwa moyo wote, Alois si mtu mbaya.

Jumatatu, 12 Agosti

Yahaya amerudi. Ni malale. Damu imeonyesha, lakini wameyawahi mapema na daktari ana matumaini. Yahaya alikaa kitandani bila kuvua viatu, macho mekundu.

"Analala mchana, Mama Mwanne, usiku yuko macho. Kichwa kinamwuma. Anasahau maneno. Na sisi tuko naye kila siku, tunasema ni kazi nyingi."

"Kama Marcelina," nikasema.

"Marcelina yupi?"

"Wa Anselm. Analala mchana. Kichwa kinamwuma. Alikuwa na jipu begani, na homa."

Akavua kiatu kimoja. "Marcelina amekuwa mvivu tu. Wote wanasema."

"Tangu lini?"

"Eti?"

"Nakuuliza, Marcelina amekuwa mvivu tangu lini?"

Akavua kiatu cha pili. Alikuwa amechoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma nikanyamaza.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Marcelina. Ugali umeungua, sufuria imeungua, yeye amekaa kando ya moto anaangalia. Nikamwambia aende akapimwe. Akasema Anselm amekataa, kwamba akimpeleka mjini kazi za nyumbani nani atafanya, na kwamba huo ni uzembe wa kufundishwa kisomoni. Ana alama shavuni. Nilimwuliza, akasema aligonga mlango.

Nikamsubiri Anselm. Nilimwambia habari za Alois, dalili moja moja.

"Mwenyekiti ni mtu wa kufikiri," akasema. "Kichwa chake kinafanya kazi. Huyu kichwa kimemwuma kwa kazi gani?"

Jumatatu, 19 Agosti

Siwezi kuamini ninachokiandika.

Kwenye mkutano wa asubuhi Yahaya amesoma majina ya wanaotega kazi ya shamba la kijiji. Marcelina yumo. Sheria ya kijiji ni kwamba anayetega anapewa kazi ya ziada. Na kazi aliyopewa Marcelina, kwa mdomo wa mume wangu, ni kuwachotea maji wafyekaji wiki nzima. Kule kule bondeni.

Nilisimama. Nikasema mbele ya watu kwamba yule ni mgonjwa. Kaimu mwenyekiti akaniuliza, "Amethibitishwa na nani?" Nikasema apelekwe akathibitishwe, kama Alois. Mtu akasema nyuma, "Basi wote tukisinzia tupandishwe trekta!" Wakacheka. Anselm naye alicheka, lakini kidogo, na nilimwona anamtazama mkewe.

Marcelina akainuka, akachukua ndoo, akaenda. Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, maana Marcelina ninayemjua angejibu kitu mpaka banda litikisike.

Sijampikia katibu leo. Amekula karanga.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekwenda naye bondeni, nikabeba ndoo yake na yangu. Bibi Mwanamkuu alitangulia na kopo la moshi. Njiani Marcelina alikaa chini mara kwa mara. Tukafika, tukarudi. 

Ijumaa, 23 Agosti

Ameanguka bondeni. Wamemkuta kando ya kisima, mtoto mgongoni analia, mbung'o wamemfunika kaniki yote. Sasa hata kumwamsha ni kazi.

Nimemwambia Yahaya awashe trekta. Akasema trekta linasomba kokoto za barabara, mgeni anakuja mwanzoni mwa mwezi, na kaimu hataruhusu. Lori la ushirika litakuja Jumatano kuchukua tumbaku, atapanda hilo.

"Alois alingoja lori la tumbaku?"

"Alois ni mwenyekiti."

Alijisikia mwenyewe alichosema. Nilimwona. Akashika mlango kama anayetaka kutoka na kama anayetaka kubaki, akasema, "Jumatano si mbali, Mama Mwanne." Nikatoka mimi.

Jumapili, 25 Agosti

Naandika nikiwa Kitete, mwili wote unauma. Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Jana asubuhi, wanaume walipokwenda barabarani na mapanga yao, Bibi Mwanamkuu alipita nyumba kwa nyumba. Hakuhubiri. Alisema tu, "Kaniki zenu mbilimbili, na kamba." Tulikata miti miwili, tukafunga kaniki katikati, tukapata machela. Hapa kubeba machela ni kazi ya wanaume, mgonjwa hata maiti. Hakuna kati yetu aliyewahi. Tulimlaza Marcelina, tukamfunika kanga yake ya njano, tukatoka wanane, wanne wanabeba na wanne wanapumzika, na mtoto mgongoni kwa mdogo wake Marcelina.

Ilitubidi tupite katikati ya wafyekaji. Hakuna njia nyingine. Mapanga yakanyamaza upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Mnampeleka wapi?" kaimu akauliza.

"Kwihara," Bibi Mwanamkuu akasema, "na tukikosa gari Kwihara, mjini."

"Kwa idhini ya nani?"

"Piga kelele taratibu, baba, kuna mgonjwa."

Anselm alikuwa pale, panga mkononi. Nilifikiri atatuzuia. Alisogea kando. Hakutusaidia, hakutuzuia, alisogea kando tu, na mpaka sasa sijui nimweke fungu gani. Yahaya alikuwa ofisini, hakutuona. Au alituona. Dirisha la ofisi linatazama barabara.

Getini Mzee Mabruki akateremsha mti wake. "Simameni." Bibi Mwanamkuu akafungua kinywa kumjibu, lakini mzee alikuwa amekwisha kuchukua chandarua chake. Akatuzunguka mmoja mmoja, migongoni, kwenye mafundo ya nguo, chini ya machela. Akanasa mbung'o, akawaponda, akanasa tena. Wengi walikuwa kwenye zile kaniki za machela. 

"Kila siku mnapita hapa," akasema.

"Kila siku, mzee."

Akainua mti, akageuka upande wa porini. Hakutuaga.

Njia ile ya wapagazi haina kivuli wakati huu. Mabega yaliwaka, tukaweka mitandio iliyokunjwa chini ya miti, tukabadilishana, tukabadilishana tena. Mmoja alianza kuimba wimbo wa kulima kwa Kinyamwezi ili miguu iende pamoja, wengine wakaitikia. Marcelina alifumbua macho mara moja akasema, "Nishusheni, mnachoka," halafu akalala. Mimi wa mjini nililia njiani waziwazi na sikuona aibu. Kwihara tulifika jua likiwa limeinama, na mwenye gari la mkaa akatuchukua mimi na Marcelina bila maswali. Wengine wakarudi kwa miguu kwenda kupika chakula cha wafyekaji.

Jumatatu, 26 Agosti

Wamemtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Daktari ni kijana mpole. Amenikalisha kwanza kabla ya kusema.

"Wadudu wameshaingia ubongoni. Ameanza kulala mchana lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu, au kabla. Wa kulijua hilo ni mumewe."

"Tungempata mwezi uliopita, dawa ingekuwa nyingine. Ya hatua hii ni kali. Wengi wanapona. Wengine dawa yenyewe inawashinda. Lakini bila dawa hakuna atakayepona."

Nimesema ndiyo kwa niaba ya mumewe. Sina haki hiyo. Nimeichukua.

Alois yuko wodi ya wanaume, amekaa kitandani anamenya chungwa. Amenenepa! Alifurahi kuniona mpaka nilipomweleza.

"Mmemleta na trekta?"

"Na mabega, Ndugu Mwenyekiti. Trekta linasomba kokoto za barabara yako."

Aliliweka chungwa chini, na hakulimaliza nilipokuwa pale.

Jumapili, 8 Septemba

Mgeni wa wilaya amepita Juhudi juzi, nimesikia. Amesifu barabara.

Jumamosi, 14 Septemba

Amezinduka. Leo ni Marcelina kabisa, macho yake yale yale. Amenidai uji wenye sukari, amemtukana mpishi, ameuliza mtoto ananyonya wapi. Nikamwambia mdogo wake anamlisha maziwa ya mbuzi. Akasema, "Zamda, unajua nilikuwa nausikia ule usingizi unakuja. Naukataa, unakuja. Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimekuwa mvivu kweli, nikawa najichukia."

Nikamwambia hajawahi kuwa mvivu hata dakika moja.

"Najua sasa," akasema. "Mwambie na Anselm."

Anselm alikuwa mlangoni. Alikuja na chupa ya asali, kwa miguu. Alikuwa amesikia.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefunga, siku zinakwenda polepole. Anselm analala kwenye baraza la hospitali. Anamchana nywele. Hajui kuchana, lakini anachana.

Jumapili, 29 Septemba

Homa imerudi pamoja na degedege. Daktari anasema ni ile dawa.

Jumatano, 2 Oktoba

Marcelina amefariki alfajiri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumemzika Juhudi. Trekta ndilo lililomleta, Alois ameagiza. Alikaa mwenyewe kwenye tela, ameshika sanduku lisitikisike.

Sijasema na Yahaya isipokuwa "futari iko tayari."

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikukuu imepita bila ladha. Leo bwana afya ameitisha mkutano. Aliuliza swali ambalo ndilo la kuuliza, bila ubaya. Mwanamke huyu alikuwa mgonjwa wiki nyingi, kijiji kinazijua dalili, katikati ya hapo mwenyekiti mwenyewe ameugua na kuwahishwa. Kwa nini yeye hakuonekana?

Walitazama chini wote. Kaimu akaanza kusema habari za mawasiliano na uhaba wa usafiri. Yahaya alikuwa na kalamu mkononi na hakuwa anaandika. Ndipo Anselm akasimama. Amekonda.

"Alionekana," akasema. "Mimi nilimwona. Kila siku nilimkuta amelala, nikamwamsha."

Akakaa.  Niliyemchukia tangu mwezi wa saba alikuwa amesema alichoshindwa kila mtu pale, na sikuweza tena kumchukia vizuri.

Alois akasema kesho mapanga yote yaende njia ya kisimani, na wanawake waseme yaanzie wapi. Bibi Mwanamkuu akasema yaanzie pale alipoanguka Marcelina. Na kaniki zibaki nyumbani, akaongeza, mwenye neno juu ya kanga ya mkewe alitoe sasa. Hakuna aliyelitoa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Bonde sasa liko wazi. Tumefyeka wanaume na wanawake pamoja, na Anselm alikuwa mbele ya wote, anakata kama mwenye ugomvi na miti. Wengine wanasema ni jambo jema limepatikana. Siwezi kusema hivyo. Kazi yenyewe imekwisha kwa siku chache tu, na siku hizo zilikuwepo tangu Juni.

Jumapili, 3 Novemba

Yahaya amejaribu kuniomba radhi. Alianza na "halmashauri ilionelea." Nikamwambia arudi akiwa na maneno yake mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, nzuri, ya kutosha kupanda. Nimelima tangu kulipokucha, nikarudi adhuhuri, mgongo umekatika, na badala ya kuwasha moto nikajilaza. Hewa ilikuwa imepoa. Nikalala fofofo.

Nilizinduliwa na kishindo cha baiskeli ikianguka nje. Yahaya alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, amenishika mabega ananitikisa, matope mpaka kifuani. "Mama Mwanne! Zamda! Zamda, kichwa kinakuuma? Umelala tangu saa ngapi? Zamda, nisamehe, niliwaona siku ile dirishani, niliwaona mnambeba, nisamehe, trekta liko karibu, nalileta sasa hivi." Alikuwa analia. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona analia.

Nilikuwa nimechoka tu. Nilikuwa nimelima, nikalala. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, mafupi, ya kumtuliza mtu.

Nilimtazama machozi yakimtoka, na sikuyasema upesi.